Karatasi ya Woga ya Mjomba Nathaniel

Buzebazeba, Ujiji
3 Agosti 1997

Mjomba Nathaniel,

Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili: siku ile ya mdahalo sikuzimia. Nilijiangusha.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Sasa, shikamoo. Bibi hajambo, ni magoti tu. Dada Skolastika hajambo. Gasper ametimiza miaka mitatu na anapanda juu ya kila kitu, juzi tumemtoa juu ya kabati. Dagaa ni wengi mwezi huu, mpaka sare za shule zinanuka.

Basi, mdahalo. Mwalimu alinipanga msemaji wa pili upande wa wapingaji, kwa Kiingereza, mbele ya vidato vyote. Nilikuwa nimekariri kila neno. Nilipoitwa nikasimama, nikayaona yale macho, na maneno yote yakaondoka kama watu waliosikia kengele ya kutoka. Nikawaza: mtu aliyezimia haulizwi maswali. Nikachagua mahali pasipo na jiwe, nikaenda chini. Walinipepea kwa madaftari. Matroni akasema ni upungufu wa damu, na tangu siku hiyo Bibi ananinywesha mchuzi wa matembele kila jioni. Kila kijiko naona kabisa kwamba nastahili.

Watu husema nimebahatika, nasoma kwa lugha mbili. Ukweli ni kwamba nina lugha mbili za kunyamazia. Na Bibi akikasirika kwa Kiha, zinakuwa tatu. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe peke yako katika ukoo wetu unayesema mbele ya watu wenye tai. Nifanyeje nipate moyo?

Nakomea hapa, nasikia kandambili za Bibi zinakuja. Ukurasa unaingia chini ya ungo wa mchele.

Mpwa wako,
Winfrida


Dodoma
29 Agosti 1997

Mpwa wangu Winfrida,

YAH: KUJENGA UJASIRI NA UIMARA WA NAFSI

Rejea barua yako ya tarehe 3 Agosti, niliyoipokea tarehe 20. Mimi ni mzima wa afya. Dodoma ni vumbi na upepo lakini kazi zinaendelea. Msalimie sana Mama, yaani bibi yako. Wasalimie na wote waliomo ndani ya nyumba.

Umeandika wakati muafaka. Mwezi Julai nilihudhuria semina ya siku tano kuhusu jambo hilihili. Niliingia ukumbini mtu wa kawaida, nikatoka si yule tena. Cheti nimekitundika ofisini, mkabala na kalenda. Nilichojifunza ni kwamba ujasiri haushuki kutoka mbinguni. Unajengwa kila siku kwa mazoezi, kama msuli. Anza na haya mawili:

Zoezi la Kwanza. Kila alfajiri oga maji baridi, huku ukitamka mara kumi, "Mimi ni jabali." Mimi sijakosa hata siku moja.

Zoezi la Pili. Kila siku mtazame usoni mtu mmoja unayemwogopa, bila kupepesa, mpaka yeye ndiye ainamishe macho kwanza.

Tekeleza kwa wiki tatu, kisha nipe taarifa. Na kuhusu kujiangusha, nakuonya kwa upendo: mtu mwoga ni mtu aliyeamua kuwa mwoga. Hakuna sababu nyingine.

Wako katika ujenzi wa nafsi,
Nathaniel


Buzebazeba
21 Septemba 1997

Mjomba,

Shikamoo. Sote tu wazima. Barua yako imefika ikiwa na muhuri wako wa ofisi chini ya sahihi, kama kawaida yako. Gasper anaupenda muhuri huo, anaulamba ule wino wa zambarau, na Dada Skolastika anamfuta ulimi kwa kanga.

Taarifa ya utekelezaji. Zoezi la Kwanza limenishinda kuanza, Mjomba, kwa sababu huku wote tunaoga maji baridi siku zote. Mkaa umepanda. Kumbe tulikuwa majabali bila kujua. Niliongeza yale maneno ya kutamka, Bibi akauliza kutoka jikoni naongea na nani bafuni.

Zoezi la Pili nililianza kwa Mzee Leonardi, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, kwa sababu namwogopa hata akiwa amelala. Unajua tunavyomsalimia mzee huku: unainama, unapiga makofi taratibu, macho chini, unamwulizia nyumba yake yote mpaka mbuzi. Niliinama, nikapiga makofi, kisha nikainua macho nikamkazia. Akafuta mdomo. Akaangalia vifungo. Akageuka kidogo akakagua na zipu. Mwishowe akaniuliza kwa upole, "Mjukuu, nimepakaa nini?" Jioni alikuja kumwambia Bibi kwamba mtoto ana kitu. Nimeombewa siku tatu mfululizo.

Siku ya nne nikamtazama fundi cherehani mmoja kule sokoni Mwanga. Huyo hakuinamisha macho. Aliuliza nakaa wapi. Sasa nazunguka kwa nyuma ya soko.

Nikamjaribu na Dada Skolastika, ingawa simwogopi. Niliinamisha macho mimi. Yule mtu alivuka mpaka kwa miguu mwaka tisini na tatu, akikimbia vita. Nadhani alishatazama vitu vikubwa kuliko mimi.

Nikwambie na hili, sijui lina maana gani. Nilipokuwa namsomea Bibi barua yako, Dada Skolastika alikuwa anasonga ugali. Nilipofika kwenye salamu, mwiko ukasimama. Nilipomaliza "wote waliomo ndani ya nyumba", ukaendelea.

Kuna maneno mtaani kwamba wageni wote kutoka ng'ambo wanaoishi majumbani wataandikishwa upya na kupelekwa kambini. Wewe uko karibu na wakubwa, umesikia nini?

Winfrida


Dodoma
15 Oktoba 1997

Mpwa wangu,

YAH: HATUA YA PILI YA MAZOEZI

Barua yako nimeipata. Afya yangu ni njema. Mweleze Mama kwamba mambo ya Sia yanakwenda vizuri. Baba yake, ambaye pia ni mkuu wangu wa kazi, amekubali nikajitambulishe rasmi Moshi, na Mungu akipenda ndoa itafungwa kanisani mwezi Juni. Mama anaweza kulitangaza kwenye jumuiya.

Kuhusu wageni, sina maoni. Mtumishi wa umma hatoi maoni.

Umetekeleza Zoezi la Pili kwa pupa. Tuendelee.

Zoezi la Tatu ndilo moyo wa mafunzo yote: Karatasi ya Woga. Kila jioni unaandika mambo unayoyaogopa, kwa ukweli mtupu, unaweka tarehe na sahihi, unahifadhi kwenye faili. Woga ulioandikwa umekamatwa. Naambatanisha sampuli tupu, isiyojazwa, ili ufuate mpangilio wake.

Zoezi la Nne. Kila siku sema ukweli mmoja, kwa sauti, kwa mtu asiyependa kuusikia. Hili ni la waliokomaa.

Wako katika ujenzi wa nafsi,
Nathaniel


Buzebazeba
9 Novemba 1997

Mjomba,

Shikamoo. Mvua imeanza kwa fujo, ziwa limekula sehemu ya wanapoanika dagaa. Bibi amelitangaza jambo la Sia kwenye jumuiya, wakapiga vigelegele, akarudi anatembea kama magoti ni ya kuazima kwa msichana. Wakati wa vigelegele Dada Skolastika alikuwa anagawa chai. Hakumwaga hata tone.

Zoezi la Nne nimelianzia chini. Nilimwambia Mama Semeni, jirani yetu anayeanika dagaa, kwamba dagaa wake wana mchanga. Akaniambia mchanga wa Ujiji ni bure, nisile basi. Nikahesabu kuwa nimefaulu.

Sasa lililoniamsha mapema kuandika. Tangazo limetoka. Kila nyumba yenye mgeni impeleke ofisi ya kata tarehe 10 Desemba. Asiye na mtu wa kumsemea anapanda lori siku hiyohiyo kwenda kambini, na mtoto wake. Aliyeolewa na mwenyeji anabaki, lakini mume afike mwenyewe au alete maandishi. Bibi anawaambia majirani kwamba Skolastika ni msichana wa kazi tu na serikali inajua inachofanya. Akishasema hivyo anaingia chumbani na rozari, na hatoki mpaka chakula.

Dada Skolastika amefua kila kitu cha Gasper, hata vilivyokuwa safi. Nilimuuliza kwa nini asikuandikie. Akasema, "Mimi sitamwomba mtu aseme ananijua." Akaendelea kukamua nguo.

Kwa hiyo nakiri tena, Mjomba, na hili nalo sijamwambia mtu. Januari ya mwaka tisini na nne nilikuwa na miaka kumi na mbili na nusu. Ilikuwa mchana, madirisha yamefungwa. Kaka yake Skolastika alikuwa amekuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mpaka wa Manyovu, akapokea majembe matatu ya mahari mikononi mwa Bibi. Mlinituma nikalete mirija. Wewe na Skolastika mkainama kwenye mtungi mmoja wa pombe, mkanywa pamoja, Bibi akaridhia. Mkaniambia nikacheze nje. Sikwenda. Nilikuwa nyuma ya pazia nikila ndizi, na najua kwetu jambo hilo linaitwaje.

Bahasha yako imefika. Nilichokikuta ndani si sampuli tupu. Nimekisoma mara moja na kimetosha.

Andika mistari miwili tu. Mimi ni mumewe. Sahihi. Muhuri najua utaugonga mwenyewe.

Winfrida


SIMU YA MAANDISHI
Dodoma, 1 Desemba 1997

WINFRIDA BUZEBAZEBA UJIJI = MAZOEZI YAMESITISHWA STOP RUDISHA SAMPULI STOP USISEME KITU STOP BARUA YAJA = NATHANIEL


Dodoma
4 Desemba 1997

Mpwa wangu mpendwa,

YAH: KUSITISHWA KWA MAZOEZI

Natumaini wote mu wazima. Mimi nina mafua kidogo.

Nimezingatia umri wako na nimeona mazoezi yale ni mazito. Sikukueleza mapema kwamba ujasiri una ngazi, na ngazi ya juu kuliko zote ni ujasiri wa kunyamaza. Wengi husema. Ni wachache wanaoweza kukaa na jambo. Wewe, kwa bahati, umezaliwa na kipaji hicho, na mimi kwa haraka yangu nilitaka kukuharibia.

Karatasi uliyoikuta kwenye bahasha ni ya mfano wa darasani. Majina yote ni ya kubuni. Irudishe kwa rejista, usiikunje.

Kuhusu tarehe 10, ningekuja mwenyewe, ila reli ina matatizo na likizo yangu haijaidhinishwa. Aidha, maandishi ya mtumishi yanaweza kutafsiriwa vibaya na wasiohusika. Tuwe na subira hadi baada ya mwezi Juni, kisha nitaliangalia suala hilo kwa mapana yake. Kambini, nasikia, wanapewa blanketi na unga wa njano wa kutosha.

Wako,
Nathaniel


Buzebazeba
18 Januari 1998

Mjomba,

Shikamoo. Pole na mafua. Barua yako ya tarehe 4 Desemba imefika juzi, imelowa na kukauka. Posta wanasema reli imesombwa huko kwenu na mifuko ilikaa stesheni karibu mwezi mzima. Simu ilifika kwa wakati. Hiyo nilikuwa nayo mfukoni siku ya tarehe 10, usije ukasema sikujua.

Asubuhi hiyo Bibi alisema magoti hayawezi. Dada Skolastika alikuwa tayari mlangoni na furushi kichwani na Gasper mgongoni, amevaa lile gauni la kola nyeupe ulilomletea kutoka Tabora. Nikamwambia nakuja naye. Akasema "Ego" tu, yaani ndiyo, na tukashuka.

Ofisi ya kata palikuwa na foleni mpaka barabarani na malori mawili yamepaki, injini zinaunguruma. Mbele mezani alikaa karani Japhet, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Ana kitambaa cha kufutia kalamu. Mama Semeni alikuwa foleni ya pembeni na vibarua wake wa kutoka ng'ambo, na Mzee Leonardi amekaa kwenye benchi kama shahidi wa mtaa.

Japhet akauliza mgeni huyu ni wa nani. Nilikuwa naangalia chini nikitafuta mahali pa kuangukia, Mjomba, sikufichi. Ilikuwa saruji tupu kila upande.

Nikasema, "Ni mke wa mjomba wangu Nathaniel. Nilikuwepo walipokunywa kwenye mtungi mmoja. Mirija nilileta mimi."

Sauti ilitoka ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mzee Leonardi akainua macho, safari hii akanikazia yeye. Japhet akasema kwa adabu kwamba hadithi ya mtungi haiwezi kuingia kwenye rejesta, anataka maandishi. Basi nikatoa karatasi yako.

Hakuisoma kwanza. Aliupata muhuri, akaugeuzia dirishani, akaupitishia kidole. Uso wake ukabadilika kabisa, akakaa wima.

"Huu ni muhuri wa ofisi. Dodoma?"

"Dodoma."

"Umegongwa na mhusika mwenyewe?"

"Anagonga kila kitu."

Akanirudishia akisema miwani yake imepotea tangu Jumatatu, nisome kwa sauti ili na shahidi asikie. Mbele ya foleni, Mjomba. Vidato vyote vya shule yetu havifiki nusu ya watu wale. Nikasoma, nami nakuandikia hapa kama nilivyosoma, kwa kuwa nakala huna:

"Karatasi ya Woga. Tarehe 14 Oktoba 1997. Leo ninaogopa: (a) maji baridi, hivyo nimeoga ya moto, ndoo mbili. (b) Mkuu wangu wa kazi, ambaye sijawahi kumtazama juu ya tai. (c) Kwamba Sia na baba yake watajua nina mke Ujiji, Skolastika, na mtoto wa kiume, Gasper. (d) Kwamba mtoto anakua na masikio yangu na watu wataona. Hatua iliyochukuliwa: hakuna."

Chini yake sahihi yako, na juu ya sahihi ule muhuri wa zambarau: IMEPOKELEWA.

Nilipofika kwenye ndoo mbili, watu walicheka. Kwenye tai walicheka zaidi, na nikaona magoti yangu yanasimama yenyewe. Kwenye jina la Skolastika hakuna aliyecheka. Mama Semeni ndiye aliyesema kutoka foleni ya pembeni, "Hayo masikio tumeyaona tangu yanabebwa mgongoni. Kwani nani alikuwa hajui?"

Kumbe, Mjomba, hiyo ndiyo siri uliyokuwa unaioga kwa maji ya moto. Mtaa mzima unaijua na walikuwa wananyamaza kwa heshima ya Bibi.

Japhet akaandika kwenye rejesta, akitamka kila neno: "Mke wa mtumishi. Uthibitisho umeonwa." Akagonga muhuri wake. Dada Skolastika akashusha furushi. Hakulia wala hakunishukuru. Alimshusha Gasper mgongoni, akamsimamisha chini, akamwambia, "Msalimie shahidi." Gasper akainama, akapiga makofi vizuri sana, Mzee Leonardi akaitikia na kumwulizia baba yake hali gani. Ilimtoka tu kwa mazoea ya salamu.

Nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja na mabinti wawili. Hawakuwa na karatasi wala mtu anayeogopa kwa maandishi. Walipanda lori. Nimekuwa nikiwaza sana juu yao, na sina zoezi la hilo.

Karatasi sirudishi. Aliyeitaka ni mwenye majina ya kubuni, na mimi simjui. Japhet amesema itahitajika tena mwezi Machi kwenye uhakiki, ila ukileta mistari miwili kabla ya hapo nitairudisha kwa rejista bila kuikunja. Dada Sia sijamwandikia. Anwani yake sina, na nadhani hilo ni Zoezi la Nne lako wewe, si langu.

Bibi hajasema nami tangu siku ile. Anapitia kwa Gasper: "Mwambie huyo apakue," "Mwambie huyo afunge mlango." Jumapili iliyopita jumuiya walimuuliza kuhusu harusi ya Juni, akarudi amekaza kilemba mpaka nyusi zimepanda. Namwogopa kuliko Japhet, kuliko foleni, kuliko mdahalo ambao nimepangwa tena mwezi ujao, msemaji wa kwanza. Usidhani woga umeisha. Lakini jana nilimwona Bibi, akidhani yuko peke yake, amemshika Gasper sikio moja, analikunja na kulikunjua taratibu, kama alivyokuwa akikufanyia wewe ukiwa mdogo, au ndivyo alivyokuwa akisimulia mama yangu kabla hajafariki.

Gasper amejifunza kusema "baba". Anaiambia picha yako ya ukutani, ile ya kumaliza chuo. Zamani alifundishwa kuiita mjomba.

Sasa nasikia kandambili zinaburuta kutoka uani. Ni za Bibi, nazijua. Ana mazoea ya kusimama nyuma ya kiti na kuuliza naandika nini, na kusoma anajua vizuri, hasa majina. Zimepita jikoni. Zimefika kwenye korido.

Ungo wa mchele umetundikwa ukutani, Mjomba, na nimeuacha hukohuko; ukurasa uko mezani.